Kitendanishi cha Ehrlich cha kupimia "asidi", yani LSD, dawa ya kuona maono: nimekipa nyota 4, ila soma kwanza kabla hujanunua

Nyota 4 kati ya 5. Natanguliza hiyo kwa wenye haraka: kichupa chenyewe, matone yanayogeuka rangi yakikutana na dawa, kinafanya kazi na pesa yangu haijapotea, ila kadi ya maelezo iliyokuja nacho ni ya hatari na ile nyota moja nimeikata kwa ajili ya kadi. Mwenye muda akae nimweleze vizuri, maana hili jambo kwa Kiswahili silioni likiandikwa na watoto wetu wamejaa huku vyuoni.

Mi ni nesi, niko Cardiff mwaka wa tisa sasa, kwetu Tanga. Mtoto wa dada yangu anasoma Bristol, kwa treni hata saa nzima haifiki, kwahiyo wikiendi nyingi anakuja kwangu kula na kufua nguo zake. Jumamosi moja mwezi wa tano kaja, katoa shikamoo yake, kakaa jikoni kimya anazungusha kikombe. Namjua, akiwa hivyo ana jambo. Mwisho akasema "Mamdogo, nikikuuliza kitu utampigia mama?" Nikamwambia baba uliza kwanza, mambo ya simu baadae.

Akanieleza. Nyumba wanayopanga wako watano, mwenzao mmoja kanunua vikaratasi vinne kwa mtu, kaambiwa ni LSD, ile wanayoiita asidi, na wako watatu waliopanga kwenda navyo kwenye tamasha la muziki. Yeye anasema hali, na mi namwamini, ila kuna kitu kinamkereketa. Yule mwenzake alikigusisha kimoja kwenye ulimi kidogo tu kuonja, akasema kichungu kama kwinini na ncha ya ulimi ikafa ganzi. "Mamdogo, LSD huwa chungu?"

Moyo ukanipiga paa. LSD kwa kiasi kinachokaa kwenye kikaratasi haina ladha, ni kidogo mno, tunaongelea mikrogramu 100 hivi, sehemu moja ya kumi ya miligramu, uzito wa punje moja mbili za chumvi ya mezani, ulimi hauna cha kuonja hapo. Kikaratasi kikiwa kichungu na kinatia ganzi basi humo ndani kuna mgeni, na mgeni wa sifa hizo mara nyingi anatoka familia inayoitwa NBOMe, dawa za maono zilizotengenezwa maabara.

Hapa ndo pa kuelewa, tafadhali msipapite haraka. Kikaratasi ni kama ukucha wa kidole kidogo, hakibebi mzigo, kinameza miligramu chache tu basi. Kwahiyo anayetaka kudanganya hawezi kuweka chochote anachotaka, hata ile dawa iliyomo kwenye uyoga haitoshei hapo vizuri maana inahitaji miligramu nyingi. Lazima iwe dawa kali sana kwa uzito mdogo sana, na kwa dawa za maono hizo ni familia chache: LSD na ndugu zake, hizo NBOMe, zile za ukoo wa DO kama DOB na DOC, na moja inaitwa Bromo-DragonFLY. Maana yake ni kwamba ukipigwa kwenye unga unaweza kuuziwa chokaa, lakini ukipigwa kwenye kikaratasi kuna uwezekano mkubwa umeuziwa kitu kikali kuliko ulichokitaka.

Nikamuuliza viko wapi, akasema kwao Bristol ndani ya foili kwenye droo. Nikamwambia mpigie mwenzio sasa hivi mwambie asivile mpaka tuvipime, na wewe leo unalala hapa. Akapiga. Yule kijana akakubali, sijui kwa sababu ya ule ulimi au kwa sababu ya sauti yangu iliyosikika nyuma ya simu.

Usiku ule ule nikaagiza kitendanishi. Duka silitaji jina, ni la mtandaoni, pauni 16 na posta juu. Kilifika siku ya nne kwenye bahasha ya kaki: kichupa cha plastiki cha mililita 5, glovu jozi moja, na kadi yenye rangi. Kifuniko kilikuwa hakijakazwa vizuri, tone moja limevuja likaila kadi kwenye kona, na ukifungua bahasha harufu ya asidi inakuchoma pua. Watu wa duka wanapaswa kulirekebisha hilo, hii ni asidi ya hidrokloriki na spiriti, sio manukato.

Kilichomo humo wenzangu wa wodini mnakijua bila kujijua. Paul Ehrlich, yule Mjerumani aliyepata Nobel mwaka 1908, ndo mwenye jina hili, na kemikali yenyewe kwa kirefu ni paradimethilaminobenzaldehidi. Kale kamraba ka urobilinojeni kwenye stiki ya kupima mkojo, kale kanakogeuka pinki, kwenye stiki nyingi kanatumia mchezo huu huu. Kitendanishi kinatafuta umbo linaloitwa indoli kwenye molekuli, kikilipata kinashikana nalo na rangi inageuka pinki kisha zambarau. LSD ina indoli. Saikedeliki za uyoga, yani dawa za maono zilizomo kwenye uyoga, zina indoli. DMT, saikedeliki nyingine, inayo. NBOMe haina, za ukoo wa DO hazina, Bromo-DragonFLY haina. Hiyo ndo akili yote ya hiki kichupa na kwangu mi ni akili nzuri sana kwa pauni 16.

Kabla ya safari nikakipima chenyewe kwanza, maana kitendanishi kilichokaa juani kinaharibika na hakikwambii. Kuna vidonge vya triptofani vinauzwa maduka ya virutubisho, hiyo ni asidi amino, kijenzi cha kawaida cha protini, na ina indoli, nikafungua kimoja nikamwaga chembe kwenye kisosi cheupe, tone moja, nikasubiri. Ikaanza pinki hafifu, ikaenda inakolea kuelekea zambarau. Sawa, dawa iko hai. Hii hatua kadi haijaitaja kabisa. Bila hii utaona tone halijageuka utadhani umepata jibu kumbe umepima na maji.

Jumapili tukaenda Bristol. Jikoni kwao, madirisha wazi, glovu mkononi, kisosi cheupe juu ya meza. Yule kijana mwenyewe ndo aliyekata, nilimwambia mali ni yako kata wewe, akakata kona ndogo kama punje ya ufuta akaiweka katikati ya kisosi. Nikadondosha tone moja. Tukawa watu watano tumekiinamia kisosi kama tunaangalia yai linaanguliwa, simu inahesabu dakika.

Sasa sikieni hapa. Kile kikaratasi kilikuwa na mchoro wa samaki wa bluu. Sekunde kama 40 hivi nikaona bluu inatoka kwenye kona inasambaa ndani ya tone, na tone lenyewe lina unjano wake kwa asili, wino wa bluu ukachanganyika na kitu kama uwekundu wa mchoro, pembeni ikaonekana zambarau kabisa. Mmoja akapiga ukelele "imegeuka!" na wakaanza kugongeana mikono. Mi mwenyewe nilisita. Mtoto wa dada yangu, Mungu ambariki, ndo aliyesema "ngojeni, huo si wino?" Akaenda kabatini akatoa siki nyeupe ya kupikia, akakata kona nyingine yenye mchoro, akaiweka kwenye kisosi cha pili akadondoshea siki. Sekunde zile zile, bluu ile ile ikatoka, zambarau ile ile pembeni. Ulikuwa wino.

Tukakata mara ya tatu, safari hii pembezoni kabisa ambako hakuna mchoro, karatasi nyeupe tupu. Tone. Dakika 1, njano. Dakika 3, njano. Dakika 5, njano maji. LSD ilitakiwa iwe imeshasema ndani ya dakika hizo. Jikoni pakawa kimya.

Kama unakumbuka kitu kimoja tu kwenye maelezo yangu, kumbuka kukata sehemu isiyo na mchoro na kuweka kisosi cha pili cha kulinganisha. Wale vijana walikuwa sekunde chache waamini wino.

Nikakaa nao pale nikawaeleza kilichobaki kwenye meza ni nini, maana hawakuwa wanajua na nani angewaambia. Hizi dawa zote za kuona maono zinagonga mlango mmoja kwenye ubongo, kipokezi cha kemikali ya ubongo iitwayo serotonini, na kipokezi chenyewe kinaitwa 5-HT2A. LSD inakiwasha kwa sehemu, na wanasayansi wa North Carolina mwaka 2017 walionyesha inavyojiingiza ndani ya kipokezi cha serotonini halafu kipande cha kipokezi chenyewe kinaifunika juu kama kifuniko cha sufuria, ndo maana mtu anakaa nayo saa 8 mpaka 12 akiomba iishe na haiishi. LSD imejulikana siku nyingi, Albert Hofmann aliitengeneza Basel kwenye kampuni ya Sandoz mwaka 1938 na akagundua nguvu yake Aprili 1943, kwahiyo kuna miaka zaidi ya 80 ya kuijua. Mwaka 1972 San Francisco watu 8 walivuta unga wa LSD puani wakidhani ni kokeini, kiasi cha kutisha, wakaletwa hospitali wengine wamezimia, wanatapika, joto limepanda, damu haigandi vizuri, na wote 8 walipona. Sisemi kwamba ni salama, nitakuja huko. Nasema madaktari wanajua wanachokabiliana nacho.

NBOMe ni hadithi nyingine. 25I-NBOMe ilitengenezwa Berlin, mwanakemia Ralf Heim kaiandika kwenye tasnifu yake ya udaktari mwaka 2003, alichukua molekuli ya ukoo wa 2C, dawa nyingine za maono, ule ukoo wa mwanakemia Alexander Shulgin wa California, akaipachika mkia mmoja, na ule mkia ukaifanya ishike kipokezi kwa nguvu mara nyingi zaidi ya mwanzo na kukiwasha karibu mpaka mwisho. Kwa maabara hiyo ni zana nzuri. Wanasayansi wa Copenhagen wanatumia dada yake, 25B-NBOMe yenye kaboni ya mionzi, wakaipa jina Cimbi-36, kupiga picha za ubongo zinazoonyesha vipokezi vya serotonini viko wapi, na kiasi anachopewa mtu ni kidogo hata hakihisi. Shida ilianza mwaka 2010 hivi ilipotoka maabara ikaingia kwenye maduka ya mtandaoni na kwenye vikaratasi, bila mtu yeyote kuwahi kuijaribu kwa binadamu kwa utaratibu wa dawa.

Na kipokezi hicho hakiko kwenye ubongo peke yake, kiko kwenye mishipa ya damu pia. Kikiwashwa kwa nguvu mishipa inabana, presha inapaa, moyo unakimbia. Niliwahi kumhudumia kijana mmoja wa aina hii, sisemi wapi wala lini. Mapigo 160 na kitu, joto limepita 40, watu wanne tumemshika na bado anatushinda, akapata degedege mikononi mwetu, na mkojo ulipotoka kwenye mpira ulikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Hiyo ni misuli inayeyuka inaenda kuziba figo. Tulimpoza, tukampa dawa ya kutuliza ya benzodiazepini, maji ya dripu chupa kwa chupa, akaenda ICU na akapona. Hamna sindano ya kuizima hii kitu kama ile naloksoni inavyozima unga. Unamshikilia mtu mpaka imwachie. Na wenzake walikaa wanasema hajala kitu, wanaogopa polisi, wakatupotezea muda ambao yeye hakuwa nao.

Marekani ilipozipiga marufuku tatu za hizi kwa dharura Novemba 2013, walikuwa washahesabu vifo 19 vinavyohusishwa nazo, watu wa miaka 15 mpaka 29. Uingereza ikaziweka Kundi A, lile la adhabu kali kuliko yote, mwaka 2014, Umoja wa Mataifa ukaziorodhesha 2015.

Tatizo lingine ni kipimo. LSD kidogo zaidi ya ulichotaka inakupa usiku mbaya. NBOMe nafasi kati ya kulewa na kuumwa ni nyembamba, halafu anayelowesha karatasi jikoni kwake hana mzani wa kupima sehemu za miligramu, kwahiyo vikaratasi vya ukurasa mmoja kimoja kinaweza kuwa na mara mbili tatu ya mwenzake. Na zile za ukoo wa DO zina ubaya wa namna nyingine, zinachelewa. Unameza, saa moja kimya, unaona umepigwa unaongeza, kumbe ya kwanza ndo inakuja, na hiyo ikija inakaa hata siku nzima. Hayo yalishawakuta San Francisco mwaka 1967 vidonge vya DOM, wa ukoo huo huo, vilipogawiwa, hospitali zikajaa.

Bromo-DragonFLY naitaja kwa uchungu maalum maana ilitoka kwenye maabara ya mwanakemia David Nichols, Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwaka 1998, mtu aliyekuwa anatafuta kuelewa vipokezi kwa kutumia panya. Hiyo inabana mishipa mpaka kuna watu walikatwa vidole. Mwaka 2011 Nichols aliandika kwenye jarida la Nature namna inavyomuumiza kuona wapishi wa vichochoroni wanasoma karatasi zake za kisayansi kama kitabu cha mapishi, na watu wanakufa. Mi nilivyoisoma nilimhurumia sana yule mzee.

Turudi kwenye kifaa. Ile kadi. Upande mmoja kuna miraba ya rangi, sawa. Upande wa pili wameandika kwa herufi kubwa kwamba zambarau maana yake ni salama, furahia. Hiyo sentensi ni uongo na inaweza kumtia mtu kaburini. Zambarau inasema kitu kimoja tu, kuna indoli humu. Haisemi ni kiasi gani. Haisemi kama kuna kitu cha pili kimejificha chini yake, maana kikaratasi chenye LSD kidogo na NBOMe nyingi bado kitageuka zambarau. Haisemi ni LSD au ni binamu yake wa dukani. Na hao binamu hawaishi: Ujerumani walipiga marufuku 1P-LSD mwaka 2019, wauzaji wakaleta 1cP-LSD, ikapigwa marufuku 2021, wakaleta 1V-LSD, na yote hiyo ikimwagiwa Ehrlich ni zambarau ile ile. 1P-LSD inajulikana kwamba mwilini inageuka kuwa LSD yenyewe, lakini kila mpya inayokuja mtu wa kwanza kuijaribu ni mnunuzi.

Alafu hata ikiwa LSD halisi kabisa, kifaa hakikujui wewe. Hakijui kama kwenu kuna mtu ana ugonjwa wa akili kama skizofrenia au baipola, na huyo ni mtu ambaye hizi dawa zinaweza kumfungulia mlango usiofungika. Hakijui kama unatumia lithiamu, dawa ya baipola, na lithiamu na saikedeliki kuna watu wamepata degedege kwa huo mchanganyiko. Hakijui kama uko kwenye vidonge vya sonona vya kundi la SSRI ambavyo mara nyingi vinapunguza nguvu ya LSD, mtu haoni kitu anaongeza, na kesho yake mwenzie asiyetumia vidonge anaiga kipimo kile kile. Na kuna wachache wanaobaki na macho yanaona michirizi na vivuli miezi baada ya kula mara moja. Niliwauliza wale vijana mmoja mmoja faraghani nani anatumia dawa gani, na mmoja kati ya wale watatu alikuwa kwenye vidonge na hajawahi kufikiria kama vinahusiana.

Kwahiyo thamani ya kichupa hiki iko upande wa hapana. Kikikataa kugeuka, na umehakikisha kiko hai, na umekata pasipo na wino, amini na usile. Kikigeuka, bado hujajua mengi.

Baada ya pale yule kijana alitaka kujua ni nini hasa, na hapo Ehrlich imefika mwisho, inatakiwa maabara. Hapa Wales tuna WEDINOS, iko chini ya afya ya umma ya Wales, tangu 2013. Unachukua fomu mtandaoni, unapewa namba, unatuma sampuli kidogo kwa posta, hawataki jina lako, hawalipishi, na jibu unalitafuta mwenyewe kwenye tovuti yao kwa namba ile. Wakati ule walikuwa wanapokea kutoka Uingereza yote sio Wales tu. Alituma yeye mwenyewe kipande kimoja. Wiki mbili na siku kadhaa jibu likatoka: alichodhani amenunua, LSD, kilichokutwa kama kikuu, 25B-NBOMe, kingine cha pembeni hamna. Aliniita kwa simu akanisomea herufi moja moja. Upungufu wa WEDINOS ni kwamba wanakwambia ni nini, hawakwambii ni kiasi gani, na wiki mbili ni nyingi kwa mtu mwenye tamasha Ijumaa. Bristol penyewe kuna The Loop, tangu Januari 2024 wana leseni ya serikali ya kupima mjini pale, unakaa na mhudumu wa afya anakueleza jibu uso kwa uso. Kama ningelijua hilo mapema labda nisingenunua kichupa kabisa, ningewapeleka kwa miguu.

Sheria nayo msiidharau. Kununua kitendanishi hapa ni halali. Kumiliki kikaratasi ni Kundi A, kifungo kinafika miaka 7, na kwa mwanafunzi wa viza nadhani mnaelewa mwenyewe inaishia wapi. Ndo maana mi sikuvigusa wala sikuvibeba, na vingine vitatu aliviloweka kwenye maji ya moto yenye sabuni akavimwaga chooni mbele yetu. Visosi vyenye tone vioshwe kwa maji mengi peke yake, msitie jiki, jiki na asidi vinatoa hewa inayochoma mapafu.

Dada yangu nilimwambia, mwezi mmoja baadae, kwa ruhusa ya mwanae. Alilia kidogo akaniuliza kwanini nilikaa kupima madawa badala ya kuwachapa. Kwetu tunajua bangi, mirungi na unga, na tunajua kijana wa unga anavyoonekana, kikaratasi chenye samaki hatujawahi kukiona. Nikamwambia dada, Muhimbili wanatoa methadoni kwa vijana wa unga tangu 2011, wale madaktari hawawapendi vijana wale pungufu ya wewe unavyompenda wako. Akanyamaza. Alafu akauliza yule mwingine wa vidonge anaendeleaje.

Haya, hesabu ya nyota. Kichupa kinafanya kazi, kinafundishika kwa mtu yeyote, kinatosha vipimo vingi, kikikaa friji gizani kinadumu: nyota 4. Kifuniko kinachovuja nimewasamehe. Kadi sijawasamehe, nimewaandikia waibadilishe waweke "zambarau haimaanishi salama", na waongeze habari ya wino na ya kisosi cha pili. Wamejibu wamepokea maoni yangu. Siku wakiibadilisha nitarudi hapa niongeze nyota ya tano.

Kichupa nilimwachia mtoto wa dada yangu, kiko kwenye friji yao ndani ya kopo la plastiki lenye karatasi niliyoandika kwa mkono. Wiki iliyopita usiku saa nne kanitumia picha: kisosi cheupe, kingine pembeni chenye siki, tone la njano tupu, na chini yake kaandika "mamdogo hivi ni vya nyumba ya jirani, wamevitupa".